Daraja la Babu Karimu

Mmekuwa mkinisimamisha sokoni na stesheni, mmoja mmoja, na kila mtu anaondoka na kipande chake cha habari. Matokeo yake nasikia kwamba nilimtorosha mama yangu mkubwa hadi Bombei. Wengine wanasema alikamatwa Busia na magunia ya kahawa. Yote si kweli. Kwa hiyo nayaandika mara moja, kwa kufuata njia tuliyopita. Habari za vibali na tiketi naziacha, maana zinamchosha hata aliyezihangaikia. Mkimaliza kusoma, karatasi hii msiiache mezani.

Kwa asiyemjua, Zainabu ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Baba yao, Karimu, alikuwa fundi wa chuma kutoka Punjabu, akaletwa na Waingereza kujenga reli akiwa kijana. Kazi ilipokwisha hakurudi kwao. Alishuka ziwani, akazunguka na ufundi wake mpaka Samia, akamwoa bibi yangu, binti wa Dabani, kijiji kilicho karibu na Busia, aliyesilimu. Mama yangu alichukua rangi ya bibi. Mama Mkubwa alichukua rangi ya babu, na pua yake. Hilo halikumsumbua mtu hata siku moja, mpaka serikali ya jeshi ilipotangaza kwamba Wahindi wote waondoke nchini. Hapo ndipo tulipogundua kwamba, kama mama angekuwa hai, watoto wawili wa tumbo moja wangetenganishwa na tangazo la redio.

Tororo

Mama Mkubwa alikuwa akishona sare za shule katika nyumba yake ya vyumba viwili karibu na msikiti. Tangazo lilipotoka, wateja hawakupungua. Walikuja wengi zaidi, ila sasa walikuwa wakiangalia viti.

"Mama, kiti hii wewe nauza lini?" mmoja alimuuliza, kwa heshima kabisa.

"Nikiuza nitakalia nini?"

"Si wewe nakwenda?"

Hakuna aliyemtukana. Waliona tu kwamba jambo limekwisha kuamuliwa, na wao wanawahi vitu. Jioni moja alikuja kwangu, akakataa chai, akaniambia mimi na mke wangu Mariamu, "Kila mtu ananiambia niende kwetu. Baba hakuwahi kunitajia kijiji chake huko India, hata jina. Alichokuwa akitaja ni daraja. Nataka kuliona."

Nilijua ni daraja gani. Babu alilitaja hadi tukalichoka: daraja refu la chuma kwenye mteremko wa Mau, juu ya Fort Ternan, alikofanya kazi kabla hajaota ndevu vizuri. Mimi ni karani wa mizigo stesheni, na njia ile naifahamu kwa ramani, lakini sikuwahi kuipita.

Mariamu aliona nafasi. Kaka yake, Rashidi, anaishi Kisumu na ana chumba cha ziada. Tulimweleza Mama Mkubwa waziwazi: alione daraja, kisha abaki kwa Rashidi mpaka mambo yatulie.

"Kuona nitaona," alisema. "Kubaki, tutaongea huko."

Tororo hadi Busia

Tulikwenda kwa lori la saruji. Kwenye treni, wakati ule, Wahindi walikuwa wakivuliwa hadi saa na pete, na abiria wengine wakitazama dirishani. Dereva alikuwa Owor, Mjapadhola wa Mulanda, mtu wa maneno machache. Alimkalisha Mama Mkubwa mbele na kumtandikia gunia tupu ili vumbi la saruji lisiharibu nguo yake. Milima ya Osukuru ilikuwa bado iko kando yetu gurudumu lilipopasuka. Gurudumu la akiba nalo lilikuwa limekaa bila upepo. Owor akaondoka na baiskeli ya mtu kutafuta pampu, nasi tukakaa kivulini mwa lori tukala mihogo ya kuchoma na karanga za kusaga tulizonunua kwa mama mmoja wa Kiteso. Alimtazama Mama Mkubwa anavyotumia vidole, akasema kwa Kiswahili chake, "Muhindi huyu nakula kama sisi." Mama Mkubwa akamwomba chumvi kwa Kiteso. Yule mama akacheka na kuongeza mihogo bila kuongeza bei.

Kwenye kizuizi cha barabara nilikuwa na wasiwasi, na nadhani Owor pia. Askari alichungulia ndani.

"Huyu nakwenda wapi?"

"Huyu natoka," Owor akajibu. "Kama serikali nasema."

Askari akafurahi. Alifungua begi, akatazama kanga mbili na msahafu, akalifunga mwenyewe. "Sawa sawa. Mzuri. Safari njema, mama." Akatupungia mkono. Hakuna aliyewahi kutoka Tororo kwa urahisi ule.

Busia

Ugumu ulianza upande wa Kenya. Ofisa wa pale alikuwa kijana nadhifu, na amechoka. Tangu tangazo litoke, kazi yake ilikuwa kuwazuia watu kama Mama Mkubwa wasiingie wakakaa.

"Mama, hapa si pa kuhamia. Unaenda nchi gani?"

"Naenda kuangalia daraja."

"Daraja gani?"

"La reli. Baba yangu alilijenga."

Alinitazama mimi kama anayetaka tafsiri. Baadaye nilielewa kwamba wafanyabiashara wa magendo hutumia maneno ya mafumbo, na alidhani daraja ni mojawapo. Akatutenga kwenye benchi la pembeni mpaka mkubwa wake atoke kula. Jua likasogea kutoka miguuni kwetu hadi magotini. Mkubwa alipokuja, Mama Mkubwa akamweleza upya, tangu babu alipotoka Punjabu. Yule bwana akasikiliza akichokonoa meno. Mama Mkubwa alipomaliza, yeye akacheka, bila ubaya.

"Wenzako wanakimbia, wewe unatembea. Haya, nenda. Lakini urudi, mama. Usinipe shida."

Fikirini hali yenyewe: upande mmoja wamwambia aondoke asirudi, upande wa pili wamwambia aingie lakini arudi. Yeye alikunja kanga yake akasema anasikia njaa.

Kisumu

Basi lilitufikisha salama, hilo halina hadithi. Hadithi ilianza tulipotafuta msikiti ili Mama Mkubwa aswali. Uani kulikuwa na kina mama wa Kihindi wa Kisumu waliokuwa wakipokea watu kutoka Uganda, na kabla sijasema neno, binti mmoja alikuwa amemshika Mama Mkubwa mkono, amemfunika blanketi, amemkalisha na kumwekea sahani ya dengu na chapati. Kisha akamwinamia na kuanza kumfariji kwa Kipunjabi.

Mama Mkubwa akala. Yule binti akaendelea, machozi yakimlengalenga. Mwishowe Mama Mkubwa akamgusa bega.

"Mwanangu, sikuelewi hata neno."

"Hujui Kipunjabi?" binti aliuliza kwa Kiswahili.

"Najua nyundo, koleo, mkaa, na matusi."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Baba. Akiwa kazini alisema hayo. Akirudi nyumbani alisema Kisamia, maana mama hakutaka kujifunza."

Binti hakujua acheke au la. Aliuliza kwao ni wapi, ili amwandikie ndugu. Mama Mkubwa akasema Dabani. Binti akauliza iko jimbo gani la India. Tuliondoka bila blanketi, kwa sababu Mama Mkubwa alisema liko mgongoni mwa asiyestahili, akamfunika bibi kizee aliyekuwa amelala ukutani.

Rashidi alitupokea kwa samaki na ugali, akamwonyesha Mama Mkubwa chumba. Kilikuwa na kitanda kipya. Alikisifu, akalala humo, na asubuhi akakitandika vizuri kuliko alivyokikuta. Hakusema kitu kuhusu kubaki.

Kisumu hadi Fort Ternan

Tulipanda treni ya mchanganyiko, mabehewa ya mizigo mbele na ya abiria nyuma, inayosimama kila inapoona jukwaa. Ilipofika kwenye miwa ilisimama hata pasipo na jukwaa, kwa ajili ya ng'ombe. Nilitumia muda huo kumweleza nilichokuwa nimesoma ofisini kuhusu ujenzi.

Reli ilipofika juu ya Mau, wahandisi waliukuta mteremko wa kuelekea ziwani umekatwakatwa na makorongo. Kuyajaza udongo kungekuwa kazi ya maisha. Wakaamua kuyavuka kwa madaraja ya chuma yenye miguu mirefu. Viwanda vya Uingereza vilidai bei kubwa na muda mrefu, kazi wakapewa Wamarekani, na kule London kukawa na kelele kwamba fedha za kodi za Mwingereza zinavuka bahari kwenda kumnufaisha mwingine. Vyuma vilikatwa na kutobolewa hukohuko Marekani, kila kipande kikapakwa namba, vikapakiwa melini hadi Kilindini, kisha vikapandishwa bara kwa reli ileile iliyokuwa haijakwisha. Wakati vinasubiriwa, treni zilipitishwa kwenye njia za muda zilizoteremka na kupanda makorongoni, na mvua ikizisomba, zinajengwa tena. Hizo nazo zilikula fedha. Gharama ilikuwa ikipanda kila mara ilipohesabiwa, na bunge lao likalipa huku likinung'unika, maana nusu ya reli ni sawa na kukosa reli.

"Na watu?" Mama Mkubwa aliuliza.

Nilikiri kwamba waliokufa nilikuta wametajwa kwa sentensi moja, katika sehemu inayozungumzia hali ya hewa.

Kisha akanieleza yeye, na sauti yake haikubadilika. Ribiti, ile misumari minene ya kuunganisha vyuma, zilipigwa na watu wanne. Wa kwanza anaichoma kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu. Anairusha juu kwa koleo. Wa pili anaidaka kwa kopo na kuitia tunduni. Wa tatu anaishikilia kwa nyuma na wa nne anaiponda. Babu ndiye aliyekuwa mdakaji. Mpigaji wake alikuwa Fazali, wa kijiji kimoja naye, walipanda meli pamoja. Msimamizi Mmarekani alikuwa akipiga kelele tangu alfajiri, nao hawakumwelewa, wakawa wanamjibu "ndiyo bwana" kwa kila kitu. Siku moja baada ya mvua, Fazali aliinua nyundo, mguu ukateleza.

"Baba alisema alibaki amesimama na kopo mkononi, na ribiti ndani yake bado nyekundu. Hakujua aipeleke wapi."

Nje ya dirisha milima ilikuwa imeanza kusogea karibu. Hili babu hakutusimulia sisi wajukuu hata siku moja.

Darajani

Kutoka stesheni tulipanda kwa miguu kando ya reli tukiongozwa na Kirui, nyapara wa genge linalotunza kipande kile. Alikuwa Mkipsigis mrefu, mpole, na alitupa sharti moja tu, kwamba hakuna anayekanyaga juu ya daraja. Mama Mkubwa alipumzika mara nyingi njiani. Tukakunja kona, likawa mbele yetu.

Nitasema nilivyoliona. Ni daraja zuri, jembamba, limesimama kwa miguu ya chuma iliyotanuka chini kama mtu aliyejiandaa kuinua mzigo. Chini yake ni korongo lenye kijito na mbuzi. Limepakwa rangi ya kijivu. Halina maandishi ya kumtaja mtu yeyote.

Mama Mkubwa alilitazama kwa muda mrefu.

"Ni dogo," alisema.

Kirui alionekana kuumia kidogo, kama aliyeambiwa vibaya kuhusu ng'ombe wake. "Mama, hapa treni nzima inapita."

"Najua, baba. Nilikuwa mtoto nilipolisikia, ndiyo sababu."

Tuliteremka hadi miguuni. Akaweka kiganja juu ya ribiti, moja baada ya nyingine, pale mkono wake ulipofika. Hakulia. Treni ya mizigo ikapita juu na daraja zima likavuma, akaziba masikio akacheka kwa mshtuko, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona akifurahi wazi katika safari yote.

Mke wa Kirui, Mama Cherono, alitukaribisha kwa maziwa ya mursik, yale yenye majivu kidogo kibuyuni. Nyumba yao iko juu ya korongo. Mama Mkubwa akauliza kama kuna makaburi. Mama Cherono akatupeleka mwisho wa shamba la mahindi, kwenye vichuguu vya mawe ambavyo jembe limevizunguka.

"Baba mkwe alisema hapa tusilime. Ni watu wa reli. Majina hatujui."

Mama Mkubwa akasimama akasoma Fatiha, mimi nikaitikia. Alipomaliza, Mama Cherono akaonyesha ng'ambo ya korongo.

"Na kule ni wa kwetu."

"Wa kwenu walijenga pia?"

"Hapana. Vijana walichukua vyuma na waya, wakafua mikuki na bangili. Wakaua wajenzi wengine. Askari wakaja, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe, wakapiga watu risasi. Bibi yangu alikuwa msichana, alijificha kwenye hilo pango."

Nilijua kwamba babu alizisimulia sana bangili zile, kama kichekesho: wenyeji walioiba ribiti wakazivaa. Mama Mkubwa naye alizijua.

"Hilo la nyumba baba hakuniambia," alisema.

"Labda hakuliona."

"Aliliona. Moshi ungeonekana kutoka juu pale."

Wakabaki wamesimama hapo, wanawake wawili, wakitazama ng'ambo. Kisha Mama Mkubwa akaomba tuvuke kijito. Kule hakukuwa na mawe wala alama, ni majani tu. Akasoma Fatiha ileile. Mama Cherono, ambaye ni mtu wa kanisa, aliinamisha kichwa mpaka alipomaliza. Tuliporudi juu walikuwa wanashikana mikono kwa sababu ya utelezi.

Kwenye treni ya kushuka nilijaribu tena habari ya chumba cha Rashidi. Nilisema kule Tororo hakuna usalama. Nilisema mengi.

"Nimeona nilichotaka kuona," alisema. "Baba alipita hapa, akapoteza rafiki, akaenda zake akatafuta kwingine pa kuishi. Pale si kwetu. Nirudishe nyumbani, Yusufu."

Busia, kwa mara ya pili

Asubuhi tuliyorudi, foleni ya kutoka Uganda ilikuwa ndefu: magari yenye magodoro juu, wazee wakishikwa viwiko. Njia ya kuingia ilikuwa wazi, tuko sisi wawili tu. Ofisa mkubwa wa Kenya alitukumbuka, akagonga mhuri akitabasamu. Askari wa upande wetu hakutabasamu.

"Wewe Muhindi, nakosea njia. Kutoka ni kule."

"Siendi kule. Narudi."

"Narudi wapi?"

"Nyumbani."

Akamtazama, akaitazama foleni, akamtazama tena. Naamini hakuwa na nia mbaya. Hakuwa ameagizwa lolote kuhusu Mhindi anayeingia. Akamwita mwenzake, naye akaja na swali lilelile. Mimi nilipojaribu kueleza kwamba ni mama yangu mkubwa, waliangalia ngozi yangu na yake, wakaniambia ninyamaze kabla sijajitafutia mambo. Mmoja alianza kusema habari za kutupeleka kambi ya jeshi.

"Kwenu wapi, mama?" yule wa kwanza aliuliza kwa mara nyingine.

"Dabani."

"Muhindi ya Dabani hakuna."

Pembeni kulikuwa na mwanamke akiuza uji kwenye ndoo. Askari akamwita. "Wewe natoka Dabani? Ongea na huyu. Kama nadanganya, sema."

Muuza uji akajifuta mikono. "Mulembe," alisalimia, na wakaanza Kisamia. Mimi Kisamia nasikia kiasi. Alimuuliza ukoo wa mama yake, akauliza nyumba iko upande gani wa kisima, akauliza nani alizikwa mwaka jana. Mawili ya kwanza Mama Mkubwa alijibu mara moja. La tatu alisita, kwa sababu hakuhudhuria na hakujua. Muuza uji aliona amesita. Nami niliona kwamba ameona.

Akawageukia askari. "Huyu ni shangazi yetu. Mimi namjua tangu mtoto. Jua tu imemchoma vibaya."

Askari wakacheka, na kicheko kikafungua njia. Tulipompita, Mama Mkubwa alimuuliza kwa sauti ndogo ni mtoto wa nani. Akajibu kwamba yeye si wa Dabani hata kidogo, ni wa Majanji, twende upesi.

Tororo tena

Mama Mkubwa sasa yuko Dabani kwa wana wa mjomba wake, mzima wa afya. Nalisema mapema ili msisome sehemu hii kwa hofu.

Tulifika mchana. Mlango wake ulikuwa wazi na nguo za mtoto zimeanikwa uani. Baadaye jirani alinieleza: walimwona akipanda lori na begi, wakasema naye amekwenda, habari zikafika zilikofika, na nyumba ikagawiwa kama za wengine. Ilikuwa rahisi hivyo. Kama asingekwenda kuangalia daraja, pengine wangemsahau mle ndani na cherehani yake.

Akatoka mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mgeni wa mbali kwa lafudhi yake.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

Mama Mkubwa alijibu, "Zainabu. Mshonaji."

"Huyo kwisha kwenda. Alikwenda kwao." Kisha, kwa huruma ya kweli, "Na wewe bado?"

"Bado kidogo."

Nilifungua mdomo. Mama Mkubwa akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akaomba maji. Yule mwanamke akaingia ndani, akarudi na kikombe cha udongo chenye maua ya buluu, amekishika kwa mikono miwili kama anavyopewa mkubwa. Mama Mkubwa akanywa amesimama, maji yote, akarudisha kikombe.

"Kina ufa hapo kwenye mshikio," alimwambia. "Usimpe mtoto chai ya moto nacho."

Yule mwanamke akakigeuza kikombe, akauona ufa, kisha akainua macho. Alianza kusema kitu. Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshafika barabarani, na ananiita nifanye haraka, gari la Busia lisituache.